Udongo Makumbusho, Wimbo Maktaba: Sanaa ya Usukuma na Swali la Kuonyesha

Utangulizi

Je, maktaba ya chuo kikuu ni mahali pa kuonyesha sanaa na vitu vya kale? Swali hili kwa kawaida huachiwa wakutubi na watu wa makumbusho. Sisi wa fasihi tunapita tu, tunachukua kitabu chetu, tunaondoka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo ni letu pia, tena pengine ni letu kuliko lao.

Mfano tutakaoutumia ni wa Usukuma. Tunaposema Usukuma watu wengi hufikiria Mwanza, lakini nchi hiyo ni pana. Upande wake wa mashariki ni Ntuzu, ambako ndiko iliko Bariadi. Enzi za ukoloni sehemu hiyo ilikuwa chini ya Wilaya ya Maswa, baadaye Bariadi ikawa wilaya katika Mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Leo mgeni akifika huko ataelezwa habari za pamba na ng'ombe. Habari za uchoraji hataelezwa, na akiuliza huenda akachekwa: Msukuma na uchoraji wapi na wapi? Ndiyo maana inabidi tuanze na historia.

Hoja yetu ni moja. Sanaa ya jadi ya Usukuma, kama ilivyo sanaa ya makabila mengi ya Tanzania, haikuwa kitu cha kutazamwa tu. Ilikuwa kitu na maneno kwa pamoja. Ukoloni ulipoikusanya, uliigawa: vitu huku, maneno kule. Mgawanyo huo haukurekebishwa baada ya uhuru, na maktaba ya chuo kikuu ina nafasi ya pekee ya kuurekebisha, lakini kwa sharti tutakalolieleza.

Hans Cory na makaratasi yake

Anayetaka kuzungumzia jambo hili hawezi kumkwepa Hans Cory. Alizaliwa Vienna, Austria, jina lake la awali likiwa Hans Koritschoner. Kwa jina hilo ndipo mwaka 1936 alipochapisha makala kuhusu ngoma ya sheitani, yaani uganga wa kupunga pepo. Baadaye alibadili jina, na katika miaka ya 1940 serikali ya Tanganyika ikamwajiri kuwa mtaalamu wake wa elimu ya jamii.

Tusijidanganye kuhusu kazi aliyoajiriwa kufanya. Mwingereza hakumlipa mshahara ili ahifadhi utamaduni wetu. Alitaka kujua namna ya kuwatawala watu kwa kuwapitia watemi wao. Cory aliandika kuhusu mazishi na kutawazwa kwa ntemi (1951), kuhusu sheria na mila za Wasukuma (1953), na kuhusu mfumo wao wa utawala pamoja na mapendekezo ya kuubadilisha (1954). Hivyo ni vitabu vya mtumishi wa dola, na msomaji avisome akilijua hilo.

Lakini mtu huyu alikuwa na jicho jingine. Mwaka 1946 alichapisha katika jarida la *Africa* makala kuhusu Buyeye, chama cha siri cha wacheza nyoka wa Usukuma. Mwaka 1953 kampuni ya Faber and Faber ya London ilitoa kitabu chake kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka hao. Mwaka 1956 kikafuata kingine kuhusu sanamu za udongo zinazotumika katika jando na unyago. Cory alifariki mwaka 1962.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa bado kichanga wakati huo. Kilianza mwaka 1961 mjini, katika jengo la TANU, na kuhamia Mlimani mwaka 1964. Makaratasi ya Cory yakaishia katika maktaba ya chuo hicho, sehemu ya East Africana, na hadi leo watafiti wa Usukuma huyataja kwa jina lake. Kwa hiyo mtoto wa Ntuzu anayetaka kusoma maandishi juu ya ngoma na vyama vya babu zake hana budi kusafiri hadi pwani, apande Mlimani, ajaze fomu, aombe jalada la Mwaustria. Hali hii inachekesha kidogo, lakini ndiyo hali yenyewe.

Nyumba ya Bayeye

Bayeye walikuwa watu wa nyoka. Walijua kumkamata nyoka akiwa hai, walijua dawa za sumu yake, na walicheza ngoma hadharani wakiwa naye mikononi. Hadi leo mtu akisikia ngoma ya Kisukuma huingojea ile sehemu ya chatu. Wengi wetu tunaishia hapo kwenye chatu, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani.

Kumbe ngoma ya uwanjani ilikuwa ni mlango tu. Ndani kulikuwa na shule. Aliyetaka kujiunga alifundishwa majina ya nyoka, mitishamba, miiko ya chama, na habari za waasisi wake. Mafunzo hayo yalikuwa na nyumba yake, na kuta za ndani za nyumba hiyo zilichorwa. Walichora watu, nyoka na viumbe wa masimulizi. Mchoro haukuwa pambo. Mtu asiye mwanachama hakuingia, kwa hiyo hakukuwa na mgeni wa kupambiwa. Mchoro ulikuwa kwa ajili ya anayefundishwa.

Hapa mhakiki wa fasihi asimame kidogo. Tumezoea kusema kwamba fasihi simulizi ina fanani, hadhira na tukio la utendaji. Tunaandika hivyo kwenye mitihani, tunapata alama, basi. Sasa tazama nyumba ya Bayeye: fanani ni mwalimu wa chama, hadhira ni mwanafunzi, mahali ni nyumba ya siri, na ukuta uliochorwa ni sehemu ya utendaji. Mwalimu akinyamaza, ukuta nao umenyamaza. Kuuita ukuta huo "sanaa za ufundi" na kuutenga na fasihi ni kukata mwili vipande viwili na kudai kila kipande kinapumua.

Ukuta wenyewe haukudumu. Nyumba ya udongo na nyasi haikai miaka mia. Aidha, mambo mengi yaliipitia nchi ile katika muda mfupi: utawala wa kitemi ulifutwa mwaka 1963, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka mahame yao, nyumba zikaachwa. Dini mpya nazo ziliwafanya wengi waone haya kusema kwamba baba alikuwa mcheza nyoka. Kilichobaki ni nakala na maelezo, yaani kile alichokichukua Cory, pamoja na kile wanachokikumbuka wazee.

Sanamu na nyimbo zake

Mfano wa pili unatoka nje ya Usukuma, lakini tunauhitaji kwa sababu unaonyesha mgawanyo huo waziwazi. Ni zile sanamu za udongo za jando na unyago, ambazo Cory alizikusanya hasa kaskazini mashariki mwa nchi, kwa Wasambaa, Wazigua na majirani zao.

Kila sanamu ilikwenda na wimbo. Kungwi hakumwonyesha mwali sanamu na kumwambia "tazama". Alimwimbia, na wimbo ulikuwa na fumbo, na fumbo lilikuwa na fundisho la maisha: uvumilivu, heshima, unyumba, hatari za tamaa. Tuseme sanamu ni ya nyoka. Kwa anayepita dirishani huyo ni nyoka tu. Kwa mwali aliyefunzwa wimbo wake, huenda ni onyo kuhusu jirani, au kuhusu ulimi wake mwenyewe. Umbo ni fani, na maudhui yamo katika wimbo. Sanamu pasipo wimbo ni kama jalada la kitabu ambacho kurasa zake zimenyofolewa.

Cory alilifahamu hilo, akaandika sanamu pamoja na nyimbo zake. Lakini ofisi hazikulifahamu. Sanamu zilipelekwa makumbusho ya Dar es Salaam, ambayo wakati huo yaliitwa kwa jina la King George V, na ambayo baadaye yakawa Makumbusho ya Taifa. Makaratasi yakaenda maktaba ya chuo. Kila ofisi ilichukua kilichofanana nayo. Udongo ukaenda makumbusho, wimbo ukaenda maktaba, na ukuta wa Bayeye ukabaki kijijini hadi ukaanguka. Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Kuna tabia ya kiofisi tu, ya kudhani kwamba kitu ni kitu na neno ni neno.

Mgawanyo huu si sheria ya Mungu

Wengine watasema: kwani vibaya nini? Si ndivyo ilivyo duniani kote, vitabu maktaba, vitu makumbusho? La hasha, sivyo ilivyokuwa daima. Hata huko London tulikoiga, maktaba kuu ya taifa lao ilikuwa sehemu ya makumbusho yao hadi mwaka 1973, ilipotengwa kwa sheria. Miaka zaidi ya mia mbili kitabu na sanamu vilikaa chini ya paa moja. Sisi tumerithi mgawanyo ambao wenye nao waliufanya kwa sababu zao za nafasi na bajeti, halafu tunauheshimu kama msahafu.

Tena hapa hapa Mlimani tunao mfano unaotuumbua. Maktaba ya chuo ina hazina ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, tenzi na nyaraka za mwambao, ambayo J.W.T. Allen aliiorodhesha katika kitabu kilichochapishwa Leiden mwaka 1970. Muswada wa utenzi ni kitu cha kale: una karatasi yake, wino wake, mkono wa mwandishi wake. Hakuna anayeuliza kwa nini uko maktaba badala ya makumbusho. Kwa nini? Kwa sababu una herufi. Pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo kitu chao kikahesabiwa kuwa maandishi. Bayeye waliandika kwa chokaa na mkaa ukutani, kwa hiyo chao kikahesabiwa kuwa urembo. Ubaguzi huu umo ndani ya masomo yetu bila sisi kuujua. Ushairi wa pwani una kozi, na ushairi wa *ningi*, yaani manju wa Kisukuma, unapewa aya moja chini ya kichwa cha "ngoma".

Wala asiseme mtu kwamba haya ni makaratasi yaliyolala, hayana madhara. Mtu huyo huyo Cory ndiye aliyeongoza kazi ya kuziunganisha sheria za kimila, na matokeo yake yakatangazwa rasmi na serikali mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Vifungu vya tangazo hilo kuhusu urithi wa wanawake viliwaumiza wajane kiasi kwamba wajane wawili walipeleka malalamiko yao hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikaona kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Hebu tazama basi. Maneno kuhusu nani arithi shamba yalitoka kwenye majalada yakawa sheria. Maneno kuhusu mchoro na wimbo yalibaki kwenye majalada. Dola ilichagua cha kukitoa. Sisi wasomi hatujachagua bado.

Bujora imetufundisha nini

Kuna mahali ambapo jibu tofauti lilijaribiwa. Ni Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Huko padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu na masimulizi akishirikiana na Wasukuma wenyewe, na makumbusho yakafunguliwa rasmi mwaka 1968. Ngoma kubwa za kitemi, vifaa vya waganga, zana za kilimo, habari za Bagika na Bagalu, vyote vimo katika nyumba zilizojengwa kwa kufuata maumbo ya Kisukuma. Kila mwaka wakati wa sikukuu ya Ekaristi kuna Bulabo, Bagika na Bagalu wanashindana kwa ngoma hapo hapo uwanjani.

Sifa ya Bujora kwa mtazamo wa fasihi ni kwamba haikumwacha fanani nje. Ngoma iliyo ndani ya nyumba ina ndugu yake anayepigwa uwanjani. Mtu wa Bariadi akifika pale hasomi tu kadi iliyobandikwa, anasikia sauti anayoijua. Kasoro yake ni kwamba Bujora si chuo kikuu. Mwanafunzi hawezi kutegemea kukaa pale miezi mitatu na jalada mezani akilinganisha toleo moja la wimbo na jingine. Kila upande una nusu ambayo mwenzake hana.

Kuonyesha, au kusomesha?

Sasa tufike kwenye sharti tulilolitaja. Neno "kuonyesha" lina mtego. Kitu cha siri kikiwekwa kwenye kabati la kioo mlangoni mwa maktaba, kila anayekwenda kurudisha kitabu anakitazama akipita, na siri iliyolindwa kwa vizazi inakuwa kitu cha kupigia picha kwa simu. Bayeye hawakuchora ndani ya nyumba kwa sababu nje kulikosekana ukuta. Walichora ndani kwa makusudi. Kungwi hakumwimbia kila mtu. Mwanafunzi wa kike anayekuta sanamu za unyago zimewekwa hadharani, wavulana wakicheka, ana haki ya kuona kwamba chuo kimemvunjia heshima bibi yake.

Hoja hii ni nzito kuliko ile ya vumbi na wizi ambayo wakutubi huitanguliza. Vumbi lina dawa yake, ila aibu haina. Baadhi ya watu hutumia hoja hii kusema basi vitu hivi vifungiwe kabisa. Hatukubaliani nao. Siri ya Buyeye ilishauzwa madukani London mwaka 1953. Anayefungiwa sasa si Mzungu, ni mjukuu wa Myeye aliyeko Bariadi.

Hapa ndipo maktaba inapoyashinda makumbusho. Adabu ya makumbusho ni "tazama, usiguse". Adabu ya maktaba ni "omba, kaa, soma, rudisha". Adabu hii ya pili inakaribiana zaidi na ile ya nyumba ya Bayeye kuliko tunavyodhani: mtu anaingia kwa nia, anajitambulisha, anakaa, anafundishwa. Kwa hiyo mchoro wa chama au sanamu ya unyago mahali pake si kabati la kioo la mlangoni, ni meza ya kusomea. Mtu aombe, aletewe nakala ya mchoro, na pamoja nayo wimbo wake kwa Kisukuma, tafsiri yake kwa Kiswahili, na sauti ya mzee akiueleza. Kabati la mlangoni libaki kwa vile vilivyokuwa hadharani tangu zamani: jembe la ngoma ya bugobogobo, ngoma, mavazi ya wachezaji.

Hilo linahitaji kazi ya aina tatu, na zote ni kazi za mwanafunzi wa fasihi. Kwanza, kuorodhesha. Orodha isiishie kwa jina la mkusanyaji. "Mkusanyo wa Cory" ni jina la aliyekusanya, si la aliyechora wala aliyeimba. Palipo na jina la mtaa, chama au fanani katika makaratasi, liingizwe kwenye orodha ili liweze kutafutwa. Pili, kuunganisha. Maktaba na Makumbusho ya Taifa ziko katika jiji moja. Picha ya sanamu ikae na wimbo wake, na wimbo ukae na sanamu yake, kila upande ukiwa na nakala. Tatu, kurudisha. Nakala ziende Simiyu, na wazee waulizwe ni kipi kionyeshwe kwa wote, kipi kisomwe kwa kuombwa, na kipi kinyamaziwe. Wakisema hiki kinyamaziwe, chuo kinyamaze.

Mwaka 2018 Mlimani ilifungua jengo jipya la maktaba lililojengwa kwa msaada wa China, lenye uwezo wa kupokea watu 2,100 kwa wakati mmoja. Nafasi kwa hiyo si kisingizio tena. Vyombo vya kurekodi sauti kila mwanafunzi anavyo mfukoni. Kinachokosekana ni mtu wa kulifungua jalada akiwa na macho ya mhakiki, siyo macho ya mkuu wa wilaya.

Hitimisho

Tumeona kwamba sanaa ya Bayeye na ya unyago ilikuwa kitu na neno kwa pamoja, kwamba ukoloni uliigawa, na kwamba maktaba ya chuo kikuu inaweza kuiunganisha endapo itasomesha badala ya kuonyesha tu. Wako watakaosema Cory alikuwa mtu wa mkoloni, makaratasi yake tuyatupe. Kuyatupa ni rahisi. Lakini ndani yake zimo sauti za watu wetu zilizopita kwenye kalamu yake, na kazi ya mhakiki ni kuipambanua sauti na kalamu, kama tunavyofanya kwa kila matini.

Wazee waliokuwa vijana wakati Cory anapita Usukuma na daftari lake ni wachache mno sasa. Mwanafunzi anayetoka Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega, na anayetafuta mada ya tasnifu, asiende mbali. Aombe jalada, anakili nyimbo za Buyeye, apande basi na nakala hizo likizo ijayo, akamsomee mzee mmoja huko kwao amwambie wapi Cory alikosea.